Nilikwenda Newala kula peke yangu, wakaniweka ndani kama mwali

Wakuu, hamjambo huko mliko. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu tusalimiane tu, msinizeeshe.

Mimi ndiye yule Mkenya wa humu mnayemtania kila siku kwamba amekuja kwenye jukwaa lenu kuomba hifadhi ya Kiswahili. Leo sikuja kubishana. Nimekuja kuwasimulia siku moja niliyoipitisha Newala, Mtwara, na yote nitakayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Chumvi nawaachia nyinyi mtakaoihamishia kwenye magrupu yenu.

Tafuteni chai, uzi una urefu kidogo.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mmakonde wa Kenya. Ndiyo, tupo. Babu zetu walivuka zamani kwenda kukata mkonge na miwa huko Kwale, wakazaa, wakazikana, wakabaki. Tulikaa miaka mingi hatuna vitambulisho, hatutambuliki huku wala huko, mpaka tukaja kupewa uraia. Paspoti yangu ya kwanza nimeishika mvi zimeshaanza kutokeza.

Kazi yangu ni jikoni, kwenye hoteli ya watalii kusini mwa pwani yetu.

Sasa kule kazini kuna kitu nilikuwa nakiona kila siku. Mwanamke mzima, mtalii, kaja peke yake, kakaa mezani peke yake, anakula samaki wake taratibu. Haongei na mtu. Hakuna anayemuuliza kitu. Akimaliza anafuta mdomo, anaondoka zake. Nilikuwa namchungulia kupitia kidirisha cha kutolea sahani, najiuliza huyu kakosana na nani.

Mwaka jana ndoa yangu ikavunjika. Msianze kuuliza mume alifanya nini, hiyo ina uzi wake na sijui kama nitauandika. Mtoto hatukujaliwa.

Hapo ndipo Kaka Januari alipoingia.

Kaka Januari ni kaka yangu mkubwa. Kwetu Wamakonde dada akipata jambo, kaka ndiye mwenye sauti, wajomba ndio wanaoitwa. Na kaka yangu si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke mapema maana nawajua nyinyi kwa kuhukumu. Alinitengea chumba pale nyumbani kwetu, akakipaka rangi, akaweka kitanda na neti mpya. Akasema rudi nyumbani, Sabina, hapa ndipo pako.

Mimi nilikuwa nimeshaona chumba cha kupanga mjini Ukunda. Kidogo, lakini kina mlango wake na ufunguo wake.

Nilipomwambia, hakugomba. Alisema tu, "Wewe hujawahi kulala peke yako. Hujawahi kula peke yako hata siku moja. Utaweza wapi?"

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nilizaliwa kwenye nyumba ya watu wengi, sinia moja mikono kumi. Nikaolewa kwenye nyumba ya watu wengi. Kazini tunakula wote jikoni tumesimama. Sikuwahi hata kujiuliza mimi napenda kuanza na mchuzi au na nyama.

Basi nikamwambia: Kaka, likizo yangu inakuja. Nakwenda huko walikotoka babu, nje ya nchi, peke yangu. Kule nitachukua siku moja nzima. Nitatembea peke yangu, nitatazama mambo peke yangu kama mtalii, nitakaa mezani niagize chakula nikile peke yangu mpaka nimalize. Nikiweza, napanga Ukunda na hutaniuliza tena. Nikishindwa, narudi kwenye chumba chako na sitafungua mdomo.

Akacheka, akasema sawa. Kaka yangu akisema sawa namna ile ujue ameshajiona mshindi.

Nisiwachoshe na safari. Horohoro, Tanga, Dar, kisha kusini, nikapita Ndanda nikaona ile misheni yao kupitia dirishani, nikashukia Masasi nimechoka hoi. Nikalala gesti. Siku niliyoipanga ilikuwa kesho yake.

Asubuhi naamka, naona ile milima ya mawe ya Masasi imesimama juu ya mji. Nikajiambia, Sabina, leo ni leo.

Kuanza tu, balaa. Nimekaa kibanda cha chai karibu na stendi, nimeagiza chai na kitumbua, mzee mmoja akavuta kiti akakaa mbele yangu kama tumeahidiana. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu. Unasafiri na nani?" Nikamwambia peke yangu. Akaita mwenye chai amletee na yeye kitumbua nisije nikala mnyonge. Tukala wote, akanieleza habari za korosho mpaka gari likaja.

Nikasema hii haihesabiki. Chai si chakula. Jaji wa mashindano haya nilikuwa mimi mwenyewe, naruhusiwa.

Newala kuna baridi, wakuu. Nilikuwa nimevaa gauni la Kwale. Gari likipanda ule mlima ukungu unaingia mpaka kwenye mifupa, na watu wamevaa makoti kama wako Ulaya. Niliposhuka nikajifunga leso ya pili mabegani, nyinyi mnaita kanga, nikamwita bodaboda.

Dereva alikuwa mtu mzima, koti refu, amejitambulisha kwa jina la Baba Shaibu. Nikamwambia nipeleke Shimo la Mungu.

"Kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Nakwenda kutazama."

"Sawa. Lakini hapa Newala umefikia kwa nani?"

"Sijafikia kwa mtu. Nimetoka Masasi sasa hivi, jioni narudi."

Nikaona ananitazama kwenye kioo cha pikipiki. Ile sikuitilia maanani, na hapo ndipo nilipokosea. Kule mtu haendi mahali, anakwenda kwa mtu. Ukisema huendi kwa mtu, wanaanza kutafuta sababu yako wenyewe.

Kwa ambao hamjafika Shimo la Mungu: unatembea kwenye ardhi ya kawaida, mihogo, mikorosho, halafu ardhi inaisha. Inaisha kabisa. Chini ni bonde kubwa mpaka macho yanachoka, na kule mwisho kuna Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Siku ile ukungu ulikuwa unafunguka kidogokidogo.

Nilisimama pale nikawakumbuka wazee wangu. Babu yangu alizaliwa upande mmoja wa ule mto, mke wake upande mwingine, wakaenda kufia Kenya bila karatasi yoyote mkononi. Na mimi hapa nimekuja na mhuri kwenye paspoti, nimekuja kutembea tu. Nilijivunia sana, sitaficha.

Nikamlipa Baba Shaibu. Nikamwambia, "Ahsante, nenda tu. Nitarudi kwa miguu."

"Nitakusubiri, mama."

"Sitaki unisubiri. Nataka kukaa hapa peke yangu."

"Umeacha watoto nyumbani?"

"Sina mtoto."

"Na baba?"

"Tumeachana."

Wakuu, yule mtu alizima pikipiki, akatia ufunguo mfukoni, akaja akasimama kati yangu na lile shimo. Alisimama tu, mikono nyuma, kama anatazama mandhari.

Nikahama upande wa kushoto. Na yeye akahama.

Wakatokea wanawake wawili na ndoo za maji kichwani. Akawaita kwa Kimakonde, harakaharaka. Kimakonde changu mimi kimechanganyika na Kidigo, lakini nilisikia vizuri alipowaambia nimeachwa, sina mtoto, nimekuja peke yangu na nimemfukuza. Ndoo zikatuliwa. Wakaja wakakaa, mmoja kulia, mmoja kushoto, na yule wa kulia akashika pindo la leso yangu akalizungusha kwenye kiganja chake.

"Pole, dada," akasema. "Maisha ndivyo yalivyo."

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Wanadhani nimekuja kujitupa.

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yale machozi ndiyo yaliyoharibu kila kitu, maana yule wa kushoto naye akanikamata mkono akaanza kulia na mimi.

Niseme na hili. Wazo hilo sikuwa nalo kabisa, wala sijawahi kuwa nalo. Lakini nilipoona lile pindo limeshikwa vile na mtu asiyenijua hata jina, nilipata uchungu fulani. Nilijiona jinsi ninavyoonekana. Mwanamke wa umri wangu akisimama peke yake mahali, watu wanaona msiba.

Ikabidi niwaeleze yote. Kaka, chumba, Ukunda, mashindano. Walisikiliza kwa makini. Nilipomaliza, yule wa kulia akasema, "Huyo kaka yako ana haki." Yule wa kushoto akasema, "Haki gani, mtu mzima anachungwa?" Wakaanza kubishana wao kwa wao juu yangu, Baba Shaibu akiwa mwamuzi, na mimi bado nimeshikwa.

Mwisho nikasimama. Nikasema, "Nimetoka Kenya kwa ajili ya hapa. Naomba mrudi pale njiani, mnipe mgongo, mniache nitazame. Kisha tutaondoka wote."

Wakatazamana. Wakarudi hatua chache, wakanipa mgongo. Baba Shaibu alikuwa anageuka kila saa, nilikuwa namwona.

Nikatazama bonde langu peke yangu. Si kwa muda mrefu. Ukungu ukafunguka, nikauona mto kama uzi, ukafunga tena. Nikasema hii naihesabu nusu.

Ikabaki chakula.

Na hapo nikatia nia kwelikweli. Nilikuwa na hasira kidogo, hasira ya njaa na ya kushikwa leso. Nikamwambia Baba Shaibu anipeleke kwenye chakula kizuri, chakula cha kwao hasa. Akanipeleka kwa Mama Anjela.

Mama Anjela ni mama mnene mwenye sauti, mzaliwa wa Kitangari, ana hoteli yake ndogo karibu na soko. Meza nne, viti vya plastiki, jiko liko nyuma. Nikachagua meza ya pembeni kabisa, nikakaa nimetazama ukuta. Simu ilikuwa imeisha chaji, nikampa aichomeke pale kaunta. Nikaagiza kama wale watalii wangu: naomba ugali wa muhogo, kisamvu cha korosho, kuku wa kienyeji, na ming'oko pembeni.

Kwa msioijua, ming'oko ni mizizi ya porini inayochemshwa, myembamba, ukiila unaelewa kwa nini mababu walikuwa hawana haraka.

Mimi nangoja chakula. Huku nyuma Baba Shaibu yuko jikoni anatoa taarifa ya habari.

Chakula kikaja kwenye sinia. Si sahani, sinia. Mama Anjela akakiweka mezani, akavuta kiti, akakaa. Nyuma yake akaja bibi mmoja aliyekuwa anachambua mbaazi, naye akakaa. Birika la maji likapita, wakanawa. Baba Shaibu akasogeza kiti.

"Karibu tule, mwanangu," Mama Anjela akasema. "Usiwe na mawazo."

Wakuu, nilikitazama kile kisamvu. Kimeungwa vizuri, korosho zimesagika, mafuta yameelea juu. Nikajua nikimega tu tonge moja na hawa watu, kwisha habari yangu. Nimerudi kwenye chumba cha rangi mpya.

Nikasema, "Samahani sana, Mama Anjela. Naomba nile peke yangu."

Mama Anjela akaurudisha mkono wake kutoka kwenye sinia.

Hata watu wa meza nyingine waliacha kutafuna.

Mama Anjela akaniuliza taratibu, "Chakula changu kina nini?"

Na hapo nikaelewa nimemtukana. Kule kwao, na hata kwetu tukisema ukweli, mtu anayekataa kula na mwenye chakula ana maana yake. Ama anaogopa mkono wake una sumu, au ana kitu chake anaficha. Nilikuwa nimemwambia mbele ya wateja wake kwamba simuamini.

Nikamshika mkono. Nikamweleza kama nilivyowaeleza wale wenzake kule shimoni. Nikamwambia, mama, chakula chako nimekitamani toka mlangoni, wala sijakuogopa. Lakini nikila na wewe nimeshindwa, na nikishindwa narudi kuishi kama mtoto nyumbani kwa kaka yangu mpaka nife.

Mama Anjela akasimama, mikono kiunoni. Akafikiri. Akaanza kujisemea kwa sauti, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya pochi.

"Mgeni hali mbali na wenyeji. Mgonjwa analishwa. Mfiwa tunakula naye hata kama hataki. Sasa nani anakula peke yake na mtu asikasirike?"

Yule bibi wa mbaazi akajibu bila kuinua kichwa, "Mwali."

Wote wakacheka. Mama Anjela hakucheka. "Ehe," akasema. "Mwali."

Kwa ndugu zangu wa bara: mwali ni binti aliyevunja ungo, anawekwa ndani wakati wa unyago. Hatoki, haonekani ovyo, anapelekewa chakula chake kule kule, anafundwa, na siku ikifika anatolewa kwa ngoma na vigelegele. Mimi mwenyewe niliwekwa ndani nikiwa msichana, bibi zetu walikwenda na mambo hayo mpaka Kenya. Ila tulikuwa wasichana wanne chumba kimoja, sinia moja.

Basi nikafunikwa leso kichwani, mwanamke mzima na mvi zangu, nikapelekwa chumba cha nyuma. Bibi wa mbaazi akaimba kidogo njiani, sitaandika hapa alichoimba, humu kuna watoto. Kilikuwa stoo yake: magunia ya unga wa muhogo, kitanda cha kamba, kigoda, dirisha dogo. Chakula kikawekwa mbele yangu. Pazia likashushwa.

Nikasikia Mama Anjela anawaambia watu huko nje, "Hakuna wa kumsemesha. Ni mwali huyu."

Na hawakunisemesha.

Nikanawa. Nikakaa kwanza kama sijui nifanye nini na mikono yangu.

Kisha nikaanza na ming'oko. Halafu kisamvu. Kuku nikamwacha mwisho, firigisi nikaila yote mimi, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nizaliwe, maana kwetu firigisi ina wenyewe. Nilikuwa nakula polepole, nasimama, natazama dirishani, narudi kula. Hakuna aliyeniambia kula vizuri, hakuna aliyenisogezea finyango, hakuna niliyemsogezea. Nilisikia utamu wa chakula chote. Nikaja kugundua natabasamu na ukuta wa magunia.

Nilifurahi. Niandike hivyo hivyo, nilifurahi sana.

Nilikuwa nimebakiza tonge chache simu yangu ilipoita kule kaunta.

Mama Anjela akapokea. Alikuwa ameiweka sauti ya wazi, mimi nasikia yote.

"Nani? Kaka yake? Marahaba, baba. Hawezi kuongea. Yuko ndani. Ni mwali."

Kaka Januari alicheka mpaka nikamsikia kutoka stoo. Akaeleweshwa. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ile sauti ya nyumbani, ya upole, ninayoijua.

"Mama, ahsante kwa kunitunzia mdogo wangu. Basi nakuomba, msimtoe. Nina jamaa yangu mfanyabiashara wa korosho hapo Masasi, ana gari. Nampigia aje amtoe, ampeleke mpaka apande basi la Dar. Nitamlaki mwenyewe nyumbani."

"Hayo ndiyo maneno," Mama Anjela akasema. "Mwali hutolewa na watu wake."

Akaja mpaka kwenye pazia. Hakulifungua. "Tulia, mwanangu. Watu wako wanakuja."

Sasa wakuu, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Nilifarijika.

Nimeshiba, nje baridi, mwili umechoka na safari ya siku zote zile, na mtu ananiambia tulia, watu wako wanakuja. Nililegea. Nikaegemeza mgongo kwenye gunia la unga. Nikaona gari linakuja, begi linabebwa, chumba kile kina neti mpya, asubuhi chai imechemshwa na mtu mwingine. Nikaona hata aibu hakuna, kaka atanitania wiki moja basi. Ilikuwa rahisi mno.

Mlango wa Ukunda haukunishinda siku ile Kaka aliponicheka. Ulikaribia kunishinda pale, nimeshiba, napendwa.

Nikala yale matonge yaliyobaki. Yote. Nikafuta sinia kwa kidole.

Nikanawa mikono. Leso ya kichwani nikaivua, nikajifunga kiunoni, nikakaza fundo. Nikaenda kwenye pazia nikalivuta mwenyewe.

Walinitazama wote. Baba Shaibu alikuwa na kikombe cha chai mkononi, kikabakia hapo hapo hewani.

Bibi wa mbaazi akauliza, "Nani kakutoa?"

"Nimejitoa mwenyewe, bibi."

"Haijawahi kuwa hivyo."

"Najua, bibi."

Mama Anjela bado alikuwa na simu mkononi, Kaka bado yuko hewani. Alinipita, akaingia stoo, nikamsikia anasogeza sinia. Akatoka, akaleta simu karibu na mdomo.

"Kala," akamwambia kaka yangu. "Kamaliza. Peke yake. Mimi shahidi."

Kisha akanipa simu.

Nikasema, "Kaka, shikamoo. Usimpigie jamaa yako, nina nauli na njia naijua. Na kile chumba mpangishe mtu."

Nilidhani mtandao umekata. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Sabina. Nimekipaka rangi mimi mwenyewe kile."

"Najua, Kaka. Ahsante."

"Sasa mimi nikitaka kukuona?"

"Njoo Ukunda," nikamwambia. "Ukifika, piga hodi."

Hapo ndipo Mama Anjela alipopiga kigelegele, na bibi wa mbaazi akamsaidia ingawa alikuwa bado ananuna. Nikaondoka Newala na ming'oko kwenye mfuko, zawadi. Baba Shaibu alinipeleka stendi bila kuniuliza nakwenda kwa nani.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Nilikuwa nadhani kinachomzuia mtu kusimama peke yake ni watu wabaya. Mimi hakuna hata mmoja mbaya aliyenizuia siku ile. Walionishika leso, waliokaa kwenye sinia langu, kaka aliyetaka kunitumia gari, wote walikuwa wananipenda au wananihurumia, na ukipendwa hivyo kukataa ni kazi nzito kuliko kugombana. Nimejifunza kukataa nikiwa nimeshika mkono wa mtu. Na kwamba usione mtu anakula peke yake ukamwonea huruma. Muulize kwanza.

Nina miezi sasa Ukunda. Siku nyingi nakula na majirani, siku nyingine nafunga mlango.

Kaka Januari alikuja Jumapili moja. Nilimsikia anasimama pale nje, anakohoa, anahangaika na miguu, maana katika maisha yake hajawahi kubisha kwenye mlango wa dada yake. Alikaa pale muda mrefu.

Kisha akapiga hodi.

Haya, uwanja ni wenu. Watu wa Newala nisahihisheni nilipokosea, watani nitaneni, nimeshazoea. Ila anayetaka kuniambia kaka yangu alikuwa na haki, aniambie kwanza: wewe mwenyewe, lini mara ya mwisho ulikaa ukala peke yako ukashiba?